Mabawa Yaliyovutwa kwa Uzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Suyin alimsaidia bibi yake kusaga soya. Bibi alitia kwenye tundu la jiwe la kusagia maharage yaliyolowekwa tangu jana yake, Suyin akazungusha mpini, na maziwa mazito yakachuruzika ndooni. Mashine ya umeme walikuwa nayo, imefunikwa kitambaa pembeni, ila Bibi alishikilia kwamba tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, ikiwa ya mashine haina ladha, na wateja wa Mtaa wa Kisima cha Chumvi hawakumbishia. Walikuja na mabakuli yao kungali na ukungu, wakanunua tofu laini ya moto, wakaimwagia mafuta ya pilipili na kuila wamesimama.

"Leo unasaga mawazo," Bibi alimwambia asubuhi moja ya majira ya baridi. "Tazama, maziwa yana chenga."

"Samahani, Bibi."

"Hajapiga?"

"Hajapiga."

Aliyekuwa hajapiga simu ni mama yake Suyin. Mama alikuwa mbandika hariri katika kikundi cha mafundi wa taa za sherehe. Mafundi wa Zigong, mji wao huko China, huunda majoka, maua na wanyama wa hariri wenye mwanga tumboni, na baridi ikianza hupakia kazi zao kwenye makontena na kuzifuata hadi nchi za mbali. Mwaka huu kikundi cha Mama kilipelekwa kwenye mji mmoja wa kaskazini mwa Ulaya, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, jua lilichomoza kwa uvivu na kutua kabla watu hawajamaliza kazi. Aliondoka machungwa yakiwa bado ya kijani. Baba yake Suyin alifariki Suyin akiwa hajaanza kutembea, basi nyumbani wakabaki watu wawili, pamoja na kiti cha tatu mezani ambacho Bibi alikirundikia mabakuli ili kisionekane kitupu.

Kabla ya kuondoka, Mama alimwachia binti yake kazi. Alikunja waya, akaunda umbo la ndege yangeyange mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, akalibandika hariri nyeupe unyoya kwa unyoya. Shingo na mabawa aliyaacha yakining'inia kwenye bawaba.

"Mimi nimeumba mwili," alisema akifuta gundi vidoleni. "Kumpa uhai ni kazi yako. Nikirudi kwa mwaka mpya nimkute anapiga mabawa."

Suyin aliitikia kwa kichwa. 

Katika klabu ya sayansi, Mwalimu Tao alikuwa amewafundisha kuhusu servo, mota ndogo zisizozunguka ovyo kama mota ya feni. Servo huambiwa igeuke kiasi gani, ikageuka kiasi hicho na kusimama hapo. Kinachoiambia ni kidhibiti, yaani bodi ndogo ya umeme yenye kompyuta ya ukubwa wa ukucha. Bodi hiyo hutuma mapigo mafupi ya umeme: pigo likiwa fupi, mkono wa mota huenda upande mmoja, likirefuka, huenda upande wa pili. Vidhibiti vilivyo tayari viliuzwa madukani, lakini Mwalimu Tao alitaka kila mwanafunzi aunde chake mwenyewe.

"Cha dukani kikiharibika, utalilaumu duka," alisema. "Chako kikiharibika, utakaa chini ufikiri."

Suyin aliunda chake ndani ya kopo la biskuti. Alilehemu miguu ya bodi mmoja mmoja, akaunguza kidole, akapuliza, akaendelea. Akaweka soketi tatu za mota, moja ya shingo na mbili za mabawa, na soketi ya nne ya mkanda wa vitaa vya kumulika manyoya. Programu aliiandika kwenye kompyuta ya shule wakati wenzake wakicheza mpira wa meza.

Mota moja ilimtii. Ya pili nayo ikamtii. Lakini alipounganisha mota zote pamoja na vitaa, bodi ilizimika, ikawaka, ikazimika tena. Akafikiri, akang'amua kwamba umeme wa chaja ya simu haukutosha kulisha vyote, akazipa mota betri zao wenyewe. Bodi haikuzimika tena. Sasa ndege ndiye aliyeanza kutetemeka. Kichwa kilirukaruka na mabawa yakapapatika kama ya kuku aliyekamatwa miguu.

Kaifu, mtoto wa jirani yao muuza soseji, alikuja kutazama mikono ikiwa mifukoni.

"Ndege wako ana homa," alisema. "Mpe supu ya tangawizi."

"Kaifu, nyamaza."

"Mimi mbona nimenyamaza. Anayepiga kelele ni yeye."

Suyin alijaribu jioni baada ya jioni. Alibadilisha programu, alibadilisha mota, alilehemu upya. Homa haikushuka. Angeweza kumuuliza Mwalimu Tao, lakini Mwalimu alikwisha kumsifu mbele ya darasa zima kwamba huyu ndiye fundi wa kweli, na Suyin aliona haya kumpelekea fundi wa kweli aliyeshindwa.

Jioni ya siku ile ya maziwa yenye chenga, Mama alipiga. Kule kwao ilikuwa bado mchana. Alivaa kofia ya sufu, pua nyekundu kwa baridi, na nyuma yake kichwa cha joka kilikuwa chini ya turubai.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Niko sawa."

"Bibi je?"

"Naye yuko sawa."

"Na ndege wetu? Yuko sawa?"

Suyin alitazama macho ya mama yake. Yalikuwa yamechoka, na chini yake kulikuwa na weusi ambao haukuwapo alipoondoka. Akatamani kuyaona yakicheka. Akajikuta amesema, "Anapiga mabawa, Mama."

"Kweli? Nionyeshe."

"Betri zimeisha. Nitakutumia video kesho."

Kesho yake akamwita Kaifu. Kaifu alileta uzi wa kuvulia samaki wa babu yake, mwembamba usioonekana. Waliufunga kwenye ncha za mabawa na kwenye shingo, Kaifu akajificha chini ya meza nyuma ya kitambaa, Suyin akashika simu.

"Polepole," alinong'ona. "Yangeyange hana haraka."

"Mkono umekufa ganzi."

"Vumilia. Sasa shingo."

Yangeyange akainua shingo, akafungua mabawa kwa madaha, akayafunga. Vitaa vilitembea kwenye manyoya yake kama maji. Video ilikuwa nzuri kiasi kwamba Suyin mwenyewe aliitazama mara kadhaa, akisahau kwa kitambo aliyekuwa chini ya meza.

Mama alijibu kwa sauti iliyorekodiwa. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Aliwaonyesha mafundi wenzake wote. Aliiweka pia kwenye kundi la wazazi wa darasa, na hata kengele ya asubuhi haijalia Mwalimu Tao alikuwa ameiona. "Kwenye onyesho letu la taa," aliwatangazia wanafunzi, "yangeyange wa Suyin atasimama langoni, mgeni amwone kwanza yeye. Na Suyin atawaeleza wadogo zenu jinsi kidhibiti chake kinavyofanya kazi."

Darasa likapiga makofi. Kaifu alimtazama Suyin, kisha akainamia daftari lake.

Siku iliyofuata Mama alipiga tena, na safari hii alikuwa na neno.

"Suyin, kaa chini kidogo. Unajua kundi la kwanza tunarudi kabla ya mwaka mpya, na la pili linabaki kuangalia taa mpaka onyesho la huku lifungwe."

"Najua. Wewe uko la kwanza."

"Nilikuwa la kwanza." Mama alivuta pumzi. "Mama mdogo Ou, fundi mwenzangu, ndiye aliyepangiwa kubaki. Unamkumbuka? Amemwacha mtoto anayenyonya. Kila siku anatazama picha zake mpaka anashindwa kula. Aliniomba tubadilishane, nikamkatalia. Nilimwambia binti yangu ana kazi kubwa, ananihitaji. Lakini nilipoiona ile video nikasema, mwanangu amekua. Amefanya mwenyewe jambo ambalo hata mimi nisingeliweza. Basi nimempa Ou nafasi yangu. Nitarudi baada ya sikukuu ya taa inayofunga sherehe za mwaka mpya. Umeelewa, mwanangu?"

Simu ilikuwa nyepesi, lakini mkono wa Suyin ulishuka kama umeshika jiwe.

"Nimeelewa," alisema.

"Hujakasirika?"

"Niko sawa."

Uso mwingine ukaingia kwenye kioo, wa mwanamke mdogo mwenye mashavu ya mviringo. Mama mdogo Ou alitaka kusema mengi, akaweza machache. "Suyin, asante. Asante sana, mama."

Suyin alipokata simu alikwenda kusimama uani. Soseji na nyama za kukaushwa zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kila nyumba, kila mtu akiwasubiri watu wake. Mwezi mzima alikuwa akifikiria Mama atakapoingia kwenye mlango ule: ataweka begi wapi, atavua viatu vipi, atasema nini kwanza. Sasa picha ile bado ilikuja, ila mlango haukufunguka. Na aliyeufunga ni yeye mwenyewe.

Siku chache zilizofuata hakula vizuri. Bibi alimtilia nyama ya sungura ya pilipili aipendayo, akaichokonoachokonoa na kuiacha. Mwishowe Bibi akafunika vyungu, akakaa mbele yake.

"Nimemlea mama yako, nimekulea wewe. Njaa ya kumkumbuka mtu naijua, na hii siyo hiyo peke yake. Kuna nini?"

Suyin akasema. Alisema yote: homa ya ndege, uzi, Kaifu chini ya meza, lango la shule. Alipofikia habari ya Mama mdogo Ou, machozi yakamshinda.

Bibi hakupiga kelele. Alisugua magoti yake kama afanyavyo mvua ikikaribia.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Mwambie mama yako."

"Nikimwambia atafikiri namwomba arudi. Na nafasi ameshampa Mama mdogo Ou, na yule mtoto..."

"Ungetaka airudishe?"

 Moyo wa Suyin ulikuwa na jibu moja, na alijua si jibu la kusema kwa sauti. "Hapana," alisema hatimaye.

"Basi mwambie na hilo pia."

Alipiga yeye safari hii. Mama alipokea akiwa juu ya ngazi, brashi ya gundi mkononi, theluji ikianguka begani mwake.

"Mama, shuka kwanza."

"Kuna nini? Bibi anaumwa?"

"Bibi mzima. Shuka."

Mama akashuka. Suyin alikuwa amepanga maneno yake vizuri, lakini yakatoka yamechanganyika. "Ndege hapigi mabawa, anatetemeka tu. Ile video ni uwongo. Kaifu alikuwa anavuta uzi. Mama, sikwambii ili urudi. Mama mdogo Ou aje kwa mtoto wake. Nakwambia kwa sababu unajivunia kitu ambacho hakipo."

Kwenye kioo theluji iliendelea kuanguka. Mama aligeuza uso pembeni, na kwa kitambo Suyin aliona sikio lake tu na ukingo wa kofia. Sauti ilipokuja ilikuwa ndogo.

"Nimewaonyesha watu wote hapa."

"Najua."

"Nimekuwa nikiitazama kila kabla ya kulala."

 Suyin angependa mama yake afoke, ingekuwa rahisi zaidi. Mama alijifuta pua kwa mkono wa koti, akamgeukia.

"Haya. Nionyeshe anavyotetemeka."

"Unasema?"

"Ndege wa kweli, aliye hapo nyumbani. Sijamwona hata mara moja. Nionyeshe."

Suyin akaweka simu mezani, akaiegemeza kwenye chupa ya mchuzi wa soya, akawasha kopo lake. Yangeyange akaanza kurusha kichwa na kupapatika. Mama akatazama mpaka mwisho, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeanguka anyanyuke mwenyewe. Kisha akaita, na mwanamume mmoja mwenye tochi kichwani akaja. Alikuwa Mjomba Geng, fundi umeme wa kikundi.

"Huyo ndiye yule wa madaha?" Mjomba Geng aliuliza.

"Ndiye yeye, bila uzi," alisema Suyin.

Mjomba Geng akacheka kwa pua. "Afadhali huyu. Yule wa kwanza alinitia wivu. Bodi inakula umeme wapi?"

"Kwenye chaja."

"Mota?"

"Kwenye betri."

"Na waya wa hasi wa betri na wa hasi wa bodi, zinakutana wapi?"

Suyin alitazama nyaya zake. Alizifuata kwa kidole, moja baada ya nyingine. "Hazikutani."

"Sasa mota itajuaje pigo limeanzia wapi? Wewe unapimia kutoka sakafuni, yeye anapimia kutoka darini. Lazima mpimie mahali pamoja. Unganisha hasi na hasi. Chanya usiguse. Nimekaa hapa, nangoja."

Alilehemu huku wakimtazama, kipande cha waya mweusi kifupi kama kidole. Akawasha. Kichwa cha yangeyange kilinyanyuka kidogo, kikatulia. Hapakuwa na mtetemeko wowote. Sasa walisikia hata tofu ikitokota jikoni.

"Homa imeshuka," alisema Kaifu, aliyekuwa amesimama mlangoni bila mtu kumwona akiingia.

"Na huyu ndiye mvuta uzi?" Mama aliuliza.

Kaifu akasogea, akainamisha kichwa. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

Lakini kazi haikuishia hapo. Shingo ilitii, bawa la kushoto likatii kwa shida, la kulia likapanda nusu na kukwama. Mota yake ililia kwa sauti nyembamba. Suyin akaizima haraka. Mjomba Geng alitikisa kichwa.

"Hapo umeme hauna kosa. Bawa ni zito kuliko mota."

Suyin alijua maana yake kabla mama yake hajasema. Mabawa yale Mama aliyaunda kwa waya mnene na kuyabandika hariri mara mbili, kama ilivyo kwa taa zinazokaa nje kwenye upepo na mvua. Hakuwa na habari ya mota. Kuyafanya mepesi ni kuyavunja.

"Ng'oa," alisema Mama.

"Umeyabandika wewe."

"Ndiyo maana nakwambia uyang'oe. Hariri siyo mimi, mwanangu."

Siku ya mapumziko Suyin alikaa na beseni la maji ya vuguvugu, akalowesha gundi na kung'oa hariri unyoya kwa unyoya. Mahali pamoja, gundi ilipokuwa imevilia na kukauka, alikuta alama ya kidole gumba, mistari yote ikionekana. Aliweka gumba lake juu yake. Lilikuwa dogo kidogo tu kuliko lile. Akakaa hivyo mpaka maji ya beseni yakapoa, na Bibi, aliyekuwa akichana mianzi mlangoni, hakumharakisha.

Mianzi ile Bibi aliichana mpaka ikawa fito nyembamba kama vijiti vya kutungia peremende. Suyin akazikunja kwa mvuke wa sufuria ya tofu, akaunda mabawa mapya. Kubandika kulimtesa zaidi. Hariri ilijikunja, gundi ikavuja, manyoya ya kwanza yakawa na makunyanzi kama uso wa mzee. Jioni Mama alimwelekeza kwenye simu. "Usiivute. Iweke, kisha ipapase kutoka katikati kwenda nje. Hivyo. Tena." Suyin akabandua, akabandika tena. Mikono yake ilikuwa ikijifunza kitu ambacho mikono ile ya mbali ilikijua, na muda ule wa kubandika ndio pekee ambao kiti cha tatu hakikumsumbua.

Kwa Mwalimu Tao alikwenda mwenyewe kabla ya masomo, Kaifu akiwa nyuma yake. Mwalimu alimsikiliza akifuta miwani.

"Lango nitampa mwingine," alisema. "Wewe utakaa pale ukutani, karibu na chumba cha mipira. Unaona nakuonea?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na wadogo zenu bado utawaeleza. Ila utaanza na ile video. Uwaonyeshe uzi ulikuwa wapi."

Suyin akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Akawaeleza. Watoto wa darasa la tatu walicheka walipomwona Kaifu akiingia chini ya meza kuwaonyesha alivyokaa, kisha wakauliza maswali mengi kuhusu waya mweusi mfupi.

Jioni ya onyesho ilikuwa na manyunyu. Wazazi walijaa uani na miavuli yao. Wengi walikuwa wamerudi siku zile zile kutoka kazini Guangdong na kwingineko, na watoto wao walitembea wameshika pindo za makoti ya wazazi kana kwamba wazazi wale watapeperuka. Suyin alikaa ukutani na kopo lake la biskuti mapajani, akijitahidi kutowatazama. Bibi alisimama kando yake akiwa amemfunika mwavuli ndege badala ya kujifunika mwenyewe.

Mama mdogo Ou alifika akiwa na mtoto kifuani. Alikuwa amewasili Zigong siku chache tu nyuma, na Bibi alikuwa amesikia sokoni kwamba mtoto alimkataa mwanzoni, akamlilia nyanya yake kila alipopakatwa. Jioni hii alikuwa amelaza shavu kwenye shingo ya mama yake na kukamata nywele zake kwa ngumi. Suyin alimtazama yule mtoto. Kitu kilimchoma, na papo hapo kitu kingine kikamtuliza, na hakuweza kukitenga hiki na kile.

"Kuna mtu anataka kuona," alisema Mama mdogo Ou, akainua simu. Mama alikuwa humo, amejibanza mahali penye upepo, taa za majoka yao zikiwaka nyuma yake mchana kweupe.

Suyin akabonyeza kitufe.

Yangeyange akainua shingo polepole, akatazama huku na huku. Mwanga ukashuka kutoka kichwani hadi mgongoni. Mabawa yakafunguka, la kushoto kwanza, la kulia likifuata kwa kuchelewa kidogo, mpaka yakatanda yote. Mtoto wa Mama mdogo Ou aliachia nywele na kunyoosha mkono. Watu waliokuwa wakipita wakasimama.

"La kulia linachelewa," alisema Mama.

"Najua. Fito moja ni nene kuliko nyingine. Sijaweza kulinganisha."

"Nimeona. Ni zuri, Suyin. Lile la kwenye video lilikuwa zuri la kuazima. Hili nalijua kila lilipouma." Kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayejiambia na yeye pia, "Sikiliza, mwanangu. Nilidhani umekua kwa sababu huhitaji msaada. Kumbe mtu hukua siku anapoweza kusema, hapa pananishinda. Kosa ukilificha, halitapata fundi. Ukilitoa nje, hata aliye upande wa pili wa dunia anaweza kulitia mkono. Usinifiche tena kitu kinachotetemeka, awe ndege, uwe wewe. Niahidi."

Suyin alitazama mabawa yakijifunga. Miezi yote ile kila alipoulizwa alijibu kwamba yuko sawa, na Mama akaendelea kumwamini.

"Mama," alisema, "siko sawa. Nimekukumbuka sana. Nakukumbuka kila siku."

Mama mdogo Ou akageuza uso pembeni, ila mkono ulioshika simu hakuushusha. Kule mbali, Mama aliivua kofia yake ya sufu na kuisogeza kamera karibu, mpaka uso wake ukajaza kioo chote.

"Sasa nimekusikia," alisema. "Nami nimekukumbuka, mwanangu. Mwashe tena, nitazame mpaka wanite kazini."